Akina Mama wa Lafey na Amana ya Kusaidiana



Shukrani zote njema zamstahiki Allah (S.W.T.), aliyejaalia huruma baina ya waja wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ukumbi wetu wa wiki hii unatoka kidogo katika mitaa ya pwani na kuelekea kaskazini mashariki, hadi Lafey katika Kaunti ya Mandera. Tunakwenda huko kutazama jambo ambalo kila nyumba ya Kiislamu inalijua kwa namna yake: mwanamke inapomfika dhiki, ni nani amwendeaye? Na asipokuwa na wa kumwendea, ni nani aliyepaswa kumjia?

Lafey ipo baina ya mji wa Mandera na El Wak, karibu na mpaka wa Somalia. Tangu uchaguzi wa 2013 ni eneo bunge lenye mbunge wake. Wakaazi wake wengi ni Wasomali, ndugu zetu katika dini, na maisha yao yamefungamana na ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mto Daua hupita mbali, kaskazini kabisa mwa kaunti, kwa hiyo Lafey hutegemea visima, mabwawa ya kuchimbwa na, ukame unapozidi, maji yanayoletwa kwa malori. Mvua wanazozingoja ni mbili: Gu, ambayo ni kama masika yetu, na Deyr, ambayo ni kama vuli. Baina ya Deyr na Gu hukaa Jilaal, kiangazi kikavu kinachopima subira ya mtu na ya mnyama.

Katika kiangazi hicho wanaume na vijana huondoka na ngamia kutafuta malisho, wakaenda masafa ya siku nyingi. Nyuma hubaki akina mama, wazee, watoto, na mbuzi wachache wa kukamwa. Hapo ndipo mtu anapojua thamani ya jirani.

Nyumba na maziwa

Kabla ya miradi na vikundi vyenye cheti cha usajili, wanawake wa jamii hii walikuwa na utaratibu wao wa kubebana. Nyumba ya wafugaji wa Kisomali, aqal, hujengwa na wanawake. Wao husuka mikeka yake, hupinda miti yake, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama, na huisimamisha tena wafikapo. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Bibi harusi hujengewa nyumba na mama yake, mama wadogo na majirani, na tangu siku hiyo nyumba ni yake. Kila mkeka ulio juu ya kichwa chake una mkono wa mwanamke mwingine, naye ajua kuwa siku ya mwenzake mkono wake utatakiwa.

Maziwa nayo yana safari yake. Kwa desturi, maziwa ya matumizi ya nyumbani na ya kuuza yamo mikononi mwa mama. Aliye malishoni humpelekea maziwa jamaa yake aliye mjini. Wa mjini huyauza, kisha humrudishia sukari, majani ya chai, unga au fedha. Huo ni uhusiano wa imani tupu, kwa sababu wa malishoni hamwoni mwenzake akipima wala akiuza. Kule Isiolo uhusiano wa namna hii ulikua ukawa ushirika wa akina mama wa Anolei, ambao maziwa yao ya ngamia husafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Ushirika wa aina hiyo husimama juu ya jambo lile lile la kale: mwanamke mmoja kumwamini mwingine asiyemwona.

Kuna pia desturi ya irmaan. Mwenye ngamia au mbuzi mwenye maziwa humkabidhi jamaa aliyekaukiwa, naye akawanywesha wanawe mpaka mnyama akatike maziwa, kisha akamrudisha kwa mwenyewe. Wenye kusoma Hadithi watakumbuka kuwa Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu sadaka ya namna hii, iitwayo maniha kwa Kiarabu, yaani kumpa mtu mnyama anufaike na maziwa yake. Ndugu zetu wa bara kavu wameihifadhi sunna hii bila ya kuiandika ukutani.

Ayuuto na qaaraan

Mjini, pale penye duka na soko, kusaidiana kumechukua sura ya fedha. Akina mama wa Kisomali wana ayuuto, neno lililotokana na Kiitaliano lenye maana ya msaada. Wanawake kumi au ishirini huchanga kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, na kila zamu mmoja wao hupokea fungu lote. Sisi wa pwani tunaujua kwa jina la mchezo, na jirani zetu wa Tanzania huuita upatu. Hakuna anayezidishiwa wala anayepunguziwa. Mwenye kupokea mapema ni kama aliyekopeshwa na wenzake, na mwenye kupokea mwisho ni kama aliyewakopesha. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia lilipoulizwa juu ya mchango wa namna hii, wengi wao waliujuzisha kwa kuwa ni mkopo usio na riba.

Fungu hilo huanzisha biashara ya mboga, majani ya chai au nguo. Hulipa karo. Hununua mbuzi wawili wa kuanzia mama aliyefiliwa na kundi. Na kwa kuwa mwanamke ndiye mwenye zamu, fungu humfikia yeye mwenyewe, bila ya kupitia mkono wa mtu mwingine.

Ama qaaraan ni mchango wa dharura. Mtu akifiwa, akiugua, akiunguliwa au akifikwa na deni, jamaa huitana na kila mmoja akatoa alichonacho. Hapa ndipo tofauti ya wanaume na wanawake inapoonekana. Wanaume huchanga kwa ukoo. Wao ndio hukaa chini ya mti, wakahesabiana na wakalipa pia mag, yaani diya, mmoja wao anapomdhuru mtu wa ukoo mwingine. Mwanamke hakai katika kikao hicho wala hahesabiwi miongoni mwa walipaji. Lakini ngamia au mbuzi wanaotoka kwenda kulipa diya ni wale ambao jana maziwa yao yalinywewa na wanawe. Kikao hakumhudhurisha, na matokeo yake yamemkalia jikoni.

Wanawake kwa upande wao huchanga kwa ujirani, kwa udugu wa kunyonya, kwa ukwe, kwa darsa na kwa soko. Mtandao wao hauna mzee wa kuusemea. Hauandikwi katika kumbukumbu za chifu. Hata hivyo, ukiuondoa, ukoo hauwezi kumaliza kiangazi kimoja.

Siku arubaini

Hakuna mahali ambapo mtandao huu ni wa uhai na mauti kama katika uzazi. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliitaja Mandera kuwa na vifo 3,795 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ilikuwa ni idadi ya juu kuliko ya kaunti yoyote nchini, na ilitajwa hata nje ya mipaka ya Kenya. Nyuma ya idadi ile kuna umbali wa hospitali, barabara mbovu, uhaba wa wakunga na hofu ya usalama ambayo imewafanya watumishi wengi kutoka nje kuondoka katika kaunti ile.

Katika hali hiyo, jirani ndiye anayeamka usiku, ndiye anayetafuta gari, na ndiye anayebaki na watoto. Mtoto akizaliwa salama, mzazi huwekwa ndani siku arubaini, kama ilivyo kwetu. Wanawake hupokezana kumpikia, kumchotea maji na kumfulia, na siku ya kutoka, waiitayo afartan bax, humsindikiza kwa furaha. Wasomaji wetu wa Lamu, Malindi na Mombasa wataitambua desturi hii mara moja, hata kama jina ni jingine. Lakini tuseme wazi: jirani mwema hawezi kuzuia damu isiyokatika. Mapenzi ya akina mama si badala ya mkunga aliyesomea wala gari la wagonjwa, na hakuna kiongozi anayepaswa kujificha nyuma ya ukarimu wao.

Binti wa koo mbili

Mwanamke wa Kisomali akiolewa habadilishi jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu Waislamu. Hubaki binti wa ukoo wake na huwa mama wa watoto wa ukoo mwingine. Wakati wa amani, jambo hilo humpa milango miwili ya kubisha. Wakati wa vita, humweka baina ya kaka zake na wanawe.

Historia ya jirani zao wa Wajir yatufunza nini kinaweza kutoka katika hali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana kwa ukali, hata sokoni wanawake wakawa hawauziani wala hawanunuliani. Kikundi kidogo cha akina mama, miongoni mwao Bi Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, kikaanza kwa jambo dogo kabisa: kuhakikisha kila mwanamke anaweza kuuza na kununua sokoni bila ya kuulizwa ukoo. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kwa vijana na kwa serikali. Mwaka 1993 wazee wakatia saini mapatano ya Al-Fatah, na mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Bi Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki kwa ajali ya barabarani Julai 2011. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mfano huo baadaye uliigwa katika wilaya nyingine za Kenya, na chimbuko lake ni wanawake waliojuana kwa maziwa, mboga na arusi kabla ya kujuana kwa siasa.

Kuonekana na kuaminiwa

Mtu huaminiwa vipi hata akakopeshwa? Mtafiti Eleanor Power aliishi katika vijiji viwili vya Tamil Nadu, kusini mwa India, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2017 alionyesha kuwa watu wanaoonekana wakishiriki ibada hadharani ndio waliokuwa karibu zaidi kuwa na mahusiano ya kusaidiana na wenzao. Watu wale si Waislamu, lakini maumbile ya binadamu ni mamoja: tunamwamini yule ambaye tumemwona akisimama pale tunaposimama.

Wanaume wetu huonana msikitini mara tano kwa siku. Asiyeonekana Alfajiri mbili huulizwa. Wanawake wengi husali nyumbani, kwa hiyo kuonana kwao ni kwa darsa, matanga, arusi na kisimani. Katika nchi za Wasomali kuna pia vikao vya sitaad, ambamo akina mama hukutana kumswalia Mtume (S.A.W.) na kuwataja kwa sifa mama zetu kina Bi Hawa, Bi Khadija na Bi Fatma. Vikao vya wanawake huwa ni daftari lao. Hapo hujulikana nani ni mgonjwa, nani hakupika, nani ameachwa na bado hajasema. Basi mwenye kuyadharau makutano ya wanawake kwa kuyaita porojo, na atafakari ni kipi kingine kitakachobeba habari hizo.

Kamba hukatikia wapi

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza. Kusaidiana kwa majirani kuna nguvu pale ambapo leo mmoja hana na mwingine anacho. Wote wanapokosa kwa pamoja, kamba huchanika. Ndivyo ilivyokuwa kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mifugo ilikufa kwa wingi. Nani amkabidhi mwenzake mnyama wa kukama, hali wake wote wamelala mifupa? Na mvua zilipokuja mwishoni mwa 2023 zilikuja kwa mafuriko.

Wakati kama huo, anayenusurika ni mwenye jamaa nje ya bonde lile: kaka Garissa, binti Eastleigh, shangazi Ulaya au Marekani. Lakini kamba hiyo ndefu nayo hukatika. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Zilirudishiwa mwezi wa Juni. Katika miezi hiyo, familia zisizohusika na dhambi ile zilikaa zikingoja riziki iliyozuiwa. Minara ya simu katika kaunti ya Mandera nayo imeshambuliwa mara kadhaa, na mnara ukianguka, fedha ya simu haifiki na habari ya mgonjwa haitoki.

Serikali ina mpango wa fedha kwa familia maskini katika kaunti kame, Mandera ikiwemo, unaosimamiwa na mamlaka ya kukabiliana na ukame. Fungu lake limekuwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Ni fedha ndogo, lakini kwa mama asiye na jamaa mjini ni jina lake pekee katika daftari la mtu.

Na huyu asiye na jamaa ndiye tunayetaka wasomaji wetu wamwangalie. Ayuuto haimchukui asiye na cha kuchanga. Qaaraan ya ukoo humfikia upesi mwenye kaka wa kusema kwa niaba yake. Mjane aliyekuja kutoka ukoo wa mbali, aliyeachwa na watoto wanne, mwenye ulemavu asiyefika darsani, mama ambaye hasemi kwa haya: hawa hupita katikati ya matundu ya wavu. Hawakutupwa na mtu mmoja. Kila mtu alidhani yupo mwingine.

Nafaka si mchezo

Lipo jingine ambalo halihusu Lafey peke yake. Akina mama wanapojimudu, baadhi ya waume hulegea. Mama akipokea zamu yake, huambiwa karo ni yake, unga ni wake, kodi ni yake. Sheria yetu haisemi hivyo. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, na mali ya mke ni yake. Akitoa kwa hiari, ni ihsani na ana thawabu. Asipotoa, hakuna wa kumlaumu. Mume aliyepoteza mifugo kwa ukame ana udhuru mbele ya Mola wake. Mume mwenye uwezo, anayeegemea mchango wa majirani wa mkewe, ana jambo la kujibu.

Yatupasa nini

Sisi wa pwani tuna urithi wetu. Mombasa ya zamani ilikuwa na vyama vya lelemama ambavyo, pamoja na ngoma zake, wanawake walisimamiana kwa arusi na kwa misiba. Leo tuna michezo, vyama na vikundi vya simu. Basi kwa kujifunza kwa Lafey, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tuandike. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yatuamrisha kuandika deni la muda, na aya ya 280 yatuhimiza kumpa nafasi mdaiwa aliye katika dhiki. Daftari la mchezo huwalinda wanaochanga, na muhula humlinda aliyekwama.

Pili, kila mchezo uwe na fungu dogo la kando, hata shilingi 20 kwa kila mtu kila zamu, kwa ajili ya jirani asiyeweza kuingia. Haba na haba hujaza kibaba. Apewe kwa siri, wala jina lake lisitajwe kikundini.

Tatu, tusingoje kuombwa. Suratul Maun imewakemea wenye kuzuia hata vyombo vidogo vya kuazimana. Na Mtume (S.A.W.) aliwahutubia wanawake wa Kiislamu mahsusi, akawahimiza jirani asidharau kumpa jirani yake chochote, ijapokuwa ni kwato la kondoo. Kwa hiyo kisingizio cha kuwa kilichopo ni kidogo hakina nafasi kwetu.

Nne, tunyooshe kamba ndefu. Katika mitaa yetu wamo majirani wenye jamaa Mandera, Wajir na Garissa. Zaka na sadaka zetu zina haki ya kwanza kwa maskini wa karibu, lakini ukame unapoushika upande mmoja wa nchi, upande wenye mvua ndio wenye uwezo wa kutoa. Tuwaulize majirani hao, tupeleke kwa mikono yao, tuulize imefika kwa nani. Watu wa Lafey wana utaratibu wao wa kugawana. Walichokosa miaka ile ya ukame ni cha kugawana.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walinena. Wiki hii, kabla ya Ijumaa ijayo, kila msomaji wetu na amtaje moyoni mwanamke mmoja katika mtaa wake ambaye hayumo katika mchezo wowote, kisha abishe mlango wake.

Mwenyezi Mungu awateremshie ndugu zetu wa kaskazini mashariki mvua ya rehema, awape amani, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuhurumiana. Amin.

Wabillahi tawfiq.